Moto wa Pamba Fifi

Juzi mjukuu wangu Neema, anayekaa Iringo pale Musoma mjini, aliniita sebuleni nikaone alichokitengeneza na wanawe. Walikuwa wamepanga vijiti kwenye kona kama watu wanaotaka kupika, wakavizungushia taa zile ndogondogo za kwenye waya, wakafunika kwa kitambaa chepesi cha rangi ya chungwa, na nyuma yake wakaweka feni ya mezani. Wakazima taa kubwa. Kitambaa kikaanza kuchezacheza, ukuta ukawa mwekundu. Ni pambo tu bibi, Neema akaniambia, siku hizi watu wanawekaga nyumbani kupendezesha. Nilijikuta nimeshainama, mkono wangu uko juu ya vile vijiti, kiganja kimefunguka, kinangoja joto. Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Bibi anaota moto wa taa.

Nikawaacha wacheke. Mkono ule nilikuwa nimeuona zamani, juu ya moto mwingine wa namna hiyo hiyo, na moto huo niliutengeneza mimi, nikiwa sijaota hata matiti.

Shule nilisoma mpaka darasa la nne, na mengi ya ubaoni yamenitoka. Majina ndiyo hayajanitoka hata moja. Baba yangu ni Magesa. Mama yangu Nyangeta. Dada yangu niliyemfuata ni Nyasatu. Ng'ombe wetu wawili wa kukokota plau waliitwa Bwana Shauri na Karani, kwa sababu baba alisema amewahi kuamrishwa na watu wa vyeo hivyo na sasa ni zamu yake. Na mama yake baba, ambaye ndiye habari yote hii, ni Nyamusi. Mimi ndiye niliyelala naye. Kitanda kimoja, ngozi moja ya ng'ombe, mgongo wangu kwenye tumbo lake. Nilijua usingizi wake kuliko wangu.

Tulikaa Guta, chini ya Bunda, tunalima pamba. Anayejua pamba anajua kwamba ukishavuna unakaa chini unachambua. Nyeupe isiyo na doa inaitwa safi, hiyo ndiyo inakwenda kwenye mizani. Iliyonyeshewa, iliyoumwa na wadudu, iliyogeuka rangi ya kutu na umanjano, hiyo ni fifi. Fifi nayo inanunuliwa, ila kwa bei ya kukudharau, na bibi alikuwa mtu asiyekubali kudharauliwa na mizani. Fifi yake hakuiuza. Aliijaza kwenye gunia lake, akawa anatoa kidogo kidogo kutengeneza mito ya kulalia. Lile gunia lilikuwa na harufu ya vumbi na mafuta ya mbegu. Mpaka leo nikipita mahali penye pamba mbichi, shingo inageuka yenyewe.

Kitu cha pili alichokuwa nacho bibi ni moto. Nyumba yake haikulala bila moto. Jioni alifukia makaa kwenye majivu, juu yake kipande cha kinyesi kikavu cha ng'ombe, asubuhi anafukua, anapuliza, unaamka. Alisema moto ule alipewa na mama mkwe wake siku anaolewa, akaubeba kwenye kigae kutoka jiko la yule mama hadi jiko lake, na mama mkwe naye alipewa na wake. Kiberiti tulikuwa nacho, baba alikitumia kwa sigara zake. Bibi alisema kiberiti ni cha sigara.

Sasa, katika miaka ile baada ya Uhuru baba alinipeleka Musoma. Jicho lilikuwa limevimba na dawa za nyumbani zimeshindwa. Tulipotoka hospitali kuoshwa jicho tukapita Iringo, mitaa yote bendera, watu wanajiandaa na sherehe. Kulikuwa na fundi redio akiitwa Sefu, na dirishani kwake kulikuwa na moto unawaka. Ndani ya duka! Kwenye meza ya mbao! Nilimshika baba suruali nikamwambia duka la mtu linaungua. Sefu akacheka, akaniambia njoo mtoto, tia mkono. Nikakataa. Akatia wa kwake. Ndipo nami nikatia, jicho moja limefungwa pamba, na sikuungua. Vilikuwa vipande vya kitambaa chekundu vinapeperushwa na feni, na taa chini yake, ila mimi hilo sikulijali. Nilichokiona mimi ni moto usiounguza. Baba alikuwa anasema njia nzima kwamba Uhuru umebadilisha mambo, basi nikajua ni hili. Nilidhani serikali imeufundisha moto adabu. Nilirudi Guta nikawaambia wote kwamba mjini wana moto unaoshikika, hauogopi upepo, hauogopi mvua. Nyasatu akasema jicho langu bado halijapona.

Baadaye kidogo baba akarudi kutoka mkutanoni Bunda na habari kwamba tunahama. Kuna kijiji cha ujamaa kinaanzishwa upande wa kwenda Butiama, watu wanakwenda kwa hiari yao, watalima pamoja, kutakuwa na shule na zahanati. Baba alikuwa ameshajiandikisha. Bibi alivuta kiko chake mpaka kikaisha, halafu akatoa sharti lake: atahama, lakini moto wake unahama naye, na anaubeba mwenyewe. Ukifika, amefika. Ukizimika njiani, ni kwamba kule hakumtaki, na yeye atarudi Guta. Baba akakubali upesi, kama mtu anayedhani amepata kwa bei rahisi.

Tuliondoka alfajiri na mkokoteni. Vyungu, mikeka, plau, kuku kwenye tenga, gunia la fifi la bibi, na bibi mwenyewe juu ya gunia, kigae kwenye mapaja, makaa ndani ya majivu. Baba alisukuma baiskeli yake. Ile baiskeli baba aliipenda kuliko sisi. Ilikuwa na dainamo, na taa ya mbele, na taa nyekundu ya nyuma, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa hata kengele. Tulipita Bunda jua likiwa kali, bibi akifukua majivu kila mara, anapuliza, anatabasamu, anafunika. Tulikula muhogo na samaki furu wakavu tukitembea.

Mvua ya kwanza ya vuli ilitukuta mahali pasipo na nyumba wala mti wa maana. Mama alimfunika bibi kwa mkeka, bibi akakifunika kigae kwa kifua chake. Kifua na mkeka havikutosha. Ilikuwa mvua ya kurusha kokoto. Ilipopita, hakuna aliyethubutu kuuliza. Bibi naye hakufukua. Lakini ilinijia harufu ya majivu yaliyolowa, harufu ya asubuhi mbaya, nikajua.

Tulifika kijijini jua linakwenda kushuka, mawingu bado yametanda. Nyumba yetu ilikuwa imeshaezekwa na wenyeji waliotangulia, mafiga matatu yamekwisha kuwekwa katikati. Sisi tukaingia. Bibi hakuingia. Aliketi nje upenuni kwenye kigoda chake, kigae mapajani, ameelekea barabara tuliyotoka nayo.

Watu wakaja kutupokea. Jirani yetu wa kwanza, Mama Wambura, mtu wa Butiama hasa, mnene na mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliposikia kilichotokea alikimbia kwake akarudi na makaa kwenye kipande cha chungu. Akapiga goti mbele ya bibi akampa. Bibi alimshukuru vizuri sana, akamuuliza habari za nyumbani kwake na watoto wake mmoja mmoja.

"Moto wako ni mzuri, mwanangu," akamwambia, "ila haunijui."

Mama Wambura akabaki amepiga goti, makaa yanamuunguza vidole. Akaja mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bwire, mtu wa Murangi, mtani wa kila mtu, na kofia yake ya sherehe. Akasema mama wa Guta, hapa ni ujamaa, shamba ni la wote, jembe ni la wote, hata moto ni wa wote, ingia ndani uote. Bibi akamtazama toka kofia hadi miguu.

"Na mkeo?" akamuuliza.

Watu walicheka mpaka kofia ikavuliwa. Lakini bibi hakucheka. Alimgeukia baba, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi:

"Magesa, kesho asubuhi nifungie ng'ombe. Mimi narudi Guta."

Baba akasema mama, Guta hakuna nyumba, boriti zote tumeng'oa. Bibi akasema atalala kwenye kuta. Baba akasema ameshatoa neno lake kwa watu. Bibi akasema na yeye alitoa lake, tena mbele yake, na yeye akaitikia. Nilimwona baba anafuta usukani wa baiskeli kwa shati lake, anafuta pale pale pasafi.

Mimi nilisimama mlangoni. Sikuwa najua mambo ya ujamaa wala ya mama mkwe. Nilijua kwamba kesho mgongo wangu utalala bila tumbo. Na katika akili yangu tatizo lilikuwa jepesi, niliwashangaa watu wazima: mvua imezima moto, basi uletwe ule moto usiozimwa na mvua. Niliuona kwa macho yangu. Niliutia mkono. Na kama ulikuwa ni taa chini na kitu chekundu juu, taa tunazo.

Nilimvuta Nyasatu ndani. Baba alikuwa ameitwa na Mzee Bwire kuonyeshwa mpaka wa kiwanja, na baiskeli ameiegemeza ukutani. Nilipomwambia Nyasatu ninachotaka, alisema baba atatuchuna ngozi. Nikamwambia bibi anaondoka. Akaishika nyuma, nikaishika mbele, tukaiingiza.

Tuliipindua miguu juu karibu na mafiga. Taa ya mbele baba alikuwa ameifunga kwa mpira, nikaufungua, nikaishusha na waya zake mbili mpaka chini, nikaiweka katikati ya mafiga, uso juu. Ile nyekundu ya nyuma ilikuwa tayari inaelekea pale pale. Nikapanga kuni juu kama mama anavyopanga, nyembamba chini, nene pembeni. Bado ilikuwa taa na kuni. Haikuwa moto. Nikakaa nikatazama. Halafu pua ikanionyesha, maana gunia la bibi lilikuwa limeshushwa nyuma yangu, limelowa juu lakini ndani kavu.

Fifi ni rangi ya moto. Nimeichambua toka nina akili, nimeitupa kushoto, safi kulia, na siku hiyo tu ndiyo niliiona. Kuna yenye umanjano wa ncha ya mwali, kuna yenye kutu ya kaa linalopoa, kuna ya kahawia ya moshi. Nikaivuta nyuzi nyuzi, ndefu, nikazisimamisha kwenye kuni, zile za manjano juu, za kutu chini karibu na taa. Ya kahawia nikaipuliza iwe nyepesi, nikaiacha ielee juu kabisa. Mikono yangu ilikuwa inajua. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Mikono ilikuwa inajua, mimi naifuata.

Nikamwambia Nyasatu bonyeza dainamo ishike gurudumu, zungusha pedeli kwa mkono.

Ikalia ule mlio wake wa nyuki aliyefungiwa, na moto ukawaka.

Nyumba mpya haikuwa na dirisha. Kuta zote zikawa nyekundu. Nyasatu akichoka, mkono unapunguza, moto unalala. Akipata nguvu, unainuka. Ulikuwa unapumua! Wa Sefu haukupumua. Upepo wa gurudumu ulizigusa zile nyuzi, zikawa zinalambana. Nyasatu mwenyewe alisogeza uso pembeni asiungue.

Nikatoka nje. Nikamwambia, "Bibi, moto umewaka."

Akasema wa nani. Nikasema wa kwetu. Akanitazama, akatazama mlango, na mlangoni wekundu unacheza. Nadhani hakufikiri. Aliinuka na kigae chake, akainama, akaingia. Mama nyuma yake, Mama Wambura nyuma ya mama, na mlio wa dainamo uliomfikia baba huko kwenye mpaka wa kiwanja ukamleta mbio na Mzee Bwire.

Bibi alisimama mbele ya mafiga. Akachutama taratibu, akaweka kigae chini, akanyoosha mkono juu ya moto wangu, kiganja kimefunguka. Akangoja. Akanyoosha na wa pili.

"Hauna joto," akasema.

"Ni moto wa Musoma, bibi. Hauunguzi. Na mvua hauiogopi."

Mlangoni watu wakapasuka kwa kicheko. Mzee Bwire alishika kizingiti asianguke. Baba yeye alikuwa ameiona baiskeli yake miguu juu, na alikuwa anakuja kwa hatua ninazozijua. Nami ndiyo kwanza nikaelewa. Nilitazama mikono ya bibi, imekaa pale juu, haipati kitu, na nikaelewa kwamba moto haukuwa wa kutazamwa tu, na kwamba Sefu hakuwa na moto, na sisi hatukuwa na moto. Machozi yakaja yote pamoja.

Bibi alimzuia baba kwa kuinua kidole kimoja, bila kugeuka. Alinyofoa uzi mmoja wa pamba, akauviringisha, akaunusa.

"Hii ni fifi ya kwangu."

Nikasema ndiyo, nimeitoa kwenye gunia.

"Ya Guta."

Ya Guta, bibi.

Akauliza nani amekupangia hivi, huyu Nyasatu? Nyasatu akasema yeye anazungusha tu. Mama? Mama akatikisa kichwa. Huko Musoma walikuonyesha kuiweka pamba? Nikasema huko hawana pamba, wana kitambaa. Akaunusa tena ule uzi. Dainamo tu inalia, na Nyasatu anahema.

"Magesa," akasema, "mimi moto nilipewa. Mama mkwe wangu alipewa. Wote tulipewa, tukabeba. Huyu hakupewa na mtu. Ametengeneza, na pamba ya shamba langu." Halafu akamwambia Mzee Bwire alete hicho kiberiti chake cha wote.

Nyasatu aliposikia kiberiti akaachia pedeli. Nyumba ikawa giza.

"Zungusha," bibi akasema. "Nani amekwambia uache? Unataka waseme ulizimika katikati?"

Nyasatu akazungusha. Bibi akaniambia niitoe taa ya baba kwenye kuni isije ikaungua, niisogeze kando lakini iendelee kuwaka, nikafanya hivyo. Akanipa mimi njiti ya kiberiti. Ilikuwa mara ya kwanza nashika. Nikaigusisha kwenye ile fifi ya kutu, ya chini, na moto ukapanda kwa njia ile ile niliyoupangia, kutu kwanza, manjano baadaye, juu kabisa moshi mahali pale pale nilipouweka. Mbegu zikawa zinapasuka pa, pa. Mwanga wa taa na mwanga wa moto vilichanganyika ukutani, huwezi kusema wa Musoma unaishia wapi na wa kwetu unaanzia wapi. Kuni ziliposhika, bibi akamwambia Nyasatu, sasa pumzika mwanangu. Akanyoosha mkono tena. Akauacha pale, akatabasamu kama alivyotabasamu njiani Bunda. Halafu akamgeukia Mama Wambura ambaye bado ameshika makaa yake, akasema nawe weka hapa, sasa watasalimiana.

Jioni ile tulikula ugali wa kwanza wa nyumba ile. Baba alifunga taa yake kwa mpira ule ule, akakagua kila kitu, akakuta hakuna kilichovunjika, na hakunipiga. Alipotoka nje kuvuta sigara nikamsikia anamweleza Mzee Bwire jinsi dainamo inavyofanya kazi, na kila sentensi inaanza na mwanangu, mwanangu. Mwanangu aliona. Mwanangu alifikiri. Baba alikuwa na watoto wengi. Mpaka siku ile nilikuwa sijawahi kumsikia akilisema neno lile kwa namna ile.

Ikawa desturi ya kijiji. Kila sherehe ya Uhuru watu walikuja kwetu kuutazama moto wa Nyafuru, ndiye mimi. Baba mwenyewe aliipindua baiskeli, mama alitoa fifi, watoto waligombania kuzungusha pedeli, na mimi peke yangu ndiye niliyepanga. Walimu walikuja. Wakubwa kutoka Bunda waliwahi kuja. Niliacha shule mapema, hilo sikulipenda na mpaka leo silipendi, lakini hakuna aliyewahi kupita mlangoni kwetu akauliza mtoto yule anajua nini.

Nilipoolewa, huko huko Butiama, bibi alikuwa ameshakuwa mdogo wa mwili, haoni vizuri, ila moto wake ulikuwa haujalala. Wanawake wote walikusanyika kuona atakavyonipa moto, maana alishasema wangu utatoka kwake, si kwa mama mkwe. Mama alikuwa ameniandalia kigae kizuri, mimi nimeshajua nitakavyokishika, nitakavyokifunika mvua ikija. Bibi akakichukua, akageukia jiko, akakaa kidogo, halafu akakirudisha mikononi mwangu. Kilikuwa chepesi. Nilipofungua majani aliyofunikia sikukuta kaa. Nilikuta konzi ya pamba fifi, imechambuliwa vizuri, manjano mbali na kutu mbali.

Nikamtazama, nadhani amekosea kwa macho yake.

"Kaa nimewapa wengine," akasema. "Wewe unajua kuwasha."